Chuma Kinang'arishwa, Mtu Anasahauliwa



Ndugu msomaji, kabla sijaingia katika shabaha ya maneno yangu nataka nikupe kisa kidogo, kwani kisa hicho ndicho kilichonifanya nikamate kalamu.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, niliyemsomesha mwenyewe juzuu ya Amma, alinijia barazani baada ya sala ya alasiri. Akasema, "Shikamoo, Maalim." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa kitako." Akatoa kitambaa mfukoni akakikunjua. Ndani mlikuwa na nishani ya fedha iliyokwisha ingia weusi kwa ukongwe, upande mmoja ina kichwa cha mfalme, na upande wa pili mtu aliyepanda farasi. Niliijua. Ni nishani waliyopewa askari wa Mwingereza baada ya Vita Vikuu vya mwaka 1914 mpaka 1918. Ilikuwa ya babu ya baba yake, ambaye alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles.

Kijana akaniambia kuwa amepata mnunuzi. Mtu huyo hupita nyumba kwa nyumba akiulizia nishani, vifungo vya sare, singe, kofia za chuma na darubini za askari wa zamani, kisha huvipeleka ng'ambo kwa watu wanaovikusanya. Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na mshahara wa miezi miwili wa kijana yule. Akaniuliza, "Maalim, nikiuza nitakuwa nimekosa?"

Badala ya kumjibu nikamwuliza, "Ukingoni pameandikwa nini?" Hakuwa na habari kama pana maandishi. Tukaipeleka penye mwanga, nikavaa miwani yangu, tukasoma: nambari, cheo, na jina. Jina lile ndilo jina lake yeye, kwani alipozaliwa walimpa jina la mzee huyo. Nishani imekaa katika sanduku la nyumba yao karibu miaka mia moja, wala hapana aliyepata kuisoma. Mnunuzi alikuwa amekwisha isoma.

Sikumwambia kuwa ni haramu, kwa sababu si haramu. Mali ni yake, ameirithi, na kodi ya nyumba ilikuwa inamdai. Lakini tangu siku ile moyo wangu haukutulia, nikaanza kuuliza na kusoma juu ya hawa wakusanyaji wa vifaa vya vita vya zamani, na leo nataka tulizungumze jambo hili mimi na wewe bila ya kufichana.

Kwanza tuwe waadilifu. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wengi ambao shughuli yao, baada ya kazi ya mchana, ni kutafuta zana za vita vya zamani na kuzitengeneza. Mmoja atanunua gari la jeshi la aina ya jeep, lililooza shambani tangu mwaka 1945, atalifungua msumari kwa msumari, atakwangua kutu, atachomelea bodi, atatafuta vipuri katika nchi tatu, na baada ya miaka kumi gari litawaka. Hiyo ni subira, na kazi ya mikono ni kazi ya heshima. Mitume wenyewe walikuwa na kazi zao, na Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma akawa akifuma deraya. Basi sisemi neno baya juu ya mtu anayejua kushika tupa na nyundo.

Wala sisemi kuwa kuweka vitu vya zamani ni upuuzi. Wako ndugu zetu wengine ambao wakiona mzinga mkuukuu husema, "Hiki ni chuma chakavu, kipelekeni kwa wenye kununua vyuma." Hao nao wamekosea. Katika jumba la Topkapı mjini Istanbul mmehifadhiwa panga zinazonasibishwa na Mtume wetu (S.A.W.) na masahaba zake, na Waislamu kutoka pande zote za dunia huenda kuzitazama. Umma usiokuwa na kumbukumbu ni kama mtu aliyepigwa kichwani akasahau jina la baba yake.

Kosa liko wapi basi? Kosa liko hapa: mwenye kukarabati chuma cha vita akamwacha mtu aliyekibeba, na mtu aliyepigwa nacho, huyo hakuhifadhi historia. Ameipiga msasa historia pamoja na kutu. Na sisi tunaowauzia bila ya kusoma hata jina lililo ukingoni, tunamshikia huo msasa.

Ukitaka ushahidi, usiende mbali. Ingia Ngome Kongwe ya Mombasa, Fort Jesus. Humo utaona mizinga ya zama mbalimbali, na miongoni mwayo iko miwili ambayo siku moja ilikuwa ya maadui. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, na mwingine ni wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliingia Unguja alfajiri, ikaikuta Pegasus imetia nanga ikitengeneza mitambo yake, ikaipiga mpaka ikazama. Kisha ikajificha katika delta ya mto Rufiji, na Waingereza wakaizingira miezi mingi, hata Julai 1915 wakaiangamiza. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake kumi, wakaitia magurudumu, ikaburutwa nchi kavu ili ipiganiwe vita vya bara.

Wapenzi wa zana za vita wanaijua sana khabari hii. Watakwambia upana wa mdomo wa mzinga kuwa ni sentimita 10.5. Watakwambia ni ipi iliyosalia na iko wapi. Mmoja uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali. Watajadiliana rangi yake ya asili ilikuwa ipi. Sasa waulize: ni nani walioiburuta? Mzinga wa manowari haukutengenezwa kutembea matopeni. Ulivutwa kwa kamba na mabega ya watu, na watu hao walikuwa na majina, na mama, na imani zao. Taja jina moja. Hapana anayeweza kulitaja. Jina la mzinga linajulikana, na la mtu halijulikani!

Ndugu msomaji, vita vile vya Afrika Mashariki vilibebwa vichwani. Pasipopita gari kwa matope, na pasipoishi farasi wala punda kwa mbung'o, alitiwa mtu. Waingereza waliwachukua wachukuzi kwa malaki, na neno lenyewe limebakia vinywani mwetu mpaka leo, kwani Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni jina la kikosi hicho, Carrier Corps, likatamkwa kwa ulimi wetu. Tunanunua ndizi na khanga Kariakoo, na wengi wetu hatujui kuwa tunalitaja jina la jeshi la wachukuzi. Waliokufa upande wa Mwingereza peke yake hukadiriwa kufikia 95,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, na homa, na mapafu, na unga wa mahindi usioiva ambao matumbo yao hayakuuzoea.

Na mimi nina hesabu yangu katika jambo hili. Babu yake mama yangu alichukuliwa mwaka 1917 kwenda kubeba mizigo, akaacha mke na mtoto mchanga wa kike. Mtoto yule ndiye bibi yangu aliyenilea. Mzee hakurudi. Hatuna nishani yake, hatuna barua, wala kaburi hatulijui. Tulilo nalo ni jina tu, na jina lenyewe tumelipata kwa kuwa bibi alikuwa akilitaja kila akiomba dua. Kama bibi angenyamaza, mtu yule angekuwa kama hakuzaliwa.

Wala usidhani kuwa mimi ni mzee mwenye kinyongo tu. Mwezi wa Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe. Ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika kutumikia jeshi la Mwingereza kwenye vita vile, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Wakaomba radhi. Tafakari, ewe msomaji: zaidi ya miaka mia ilipita ndipo wakahesabiwa watu waliosahauliwa, na hali ya kuwa bunduki za vita hivyo hivyo zina vitabu vyenye nambari za kila kiwanda na kila mwaka!

Najua nitajibiwa. Mtu ataniambia, "Maalim, unakuza mambo. Huu ni mchezo wa watu wazima, hauna dhara." Haya, tuutazame huo mchezo.

Huko Bovington, Uingereza, kuna jumba la makumbusho ya vifaru, na fakhari yake ni kifaru kimoja cha Kijerumani aina ya Tiger, nambari 131. Kilitekwa nchini Tunisia mwezi wa Aprili 1943, kikasafirishwa hadi Uingereza. Ukarabati wake ulianza mwaka 1990, ukachukua miaka mingi, na sasa kinatembea kwa injini yake, na watu kwa maelfu hukata tikiti wakakione kinanguruma. Sikatai kuwa ni ufundi mkubwa. Lakini kilikuwa Tunisia kufanya nini? Mjerumani na Muitaliani na Mwingereza na Mmarekani waliugeuza ugomvi wao kuwa vita ndani ya mashamba ya watu wa Tunisia, Waislamu wasiokuwa na kesi na yeyote kati yao. Na huko Misri, katika jangwa la El Alamein walikopigana mwaka 1942, mabomu waliyoyatega ardhini yaliendelea kuwaua Mabedui na kuwakata miguu miaka mingi baada ya wenye vita kupatana. Zana moja ya vita ile imepakwa rangi na kuwekwa chini ya dari safi. Nyingine imeachwa mchangani imngoje mtoto wa mchunga ngamia. Mtazamaji anayeshangilia ile ya kwanza na asiambiwe khabari ya hii ya pili, amefundishwa nusu ya somo, na nusu hiyo ndiyo tamu.

Tena hata mwenye mchezo mwenyewe hasalimiki. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia huko Marekani, mtu mmoja aliyekuwa hodari wa kusafisha makombora ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyokwisha mwaka 1865, alikuwa akitengeneza kombora moja nyumbani kwake. Likaripuka likamwua. Lilikuwa limelala zaidi ya miaka 140. Na huko Ubelgiji wakulima hulima wakatoa makombora ya mwaka 1914 na baadaye, na serikali ina kikosi maalumu cha kuyakusanya. Baruti haijui kuwa vita vimekwisha. Basi wewe mzazi ambaye mwanao huokota vyuma akapeleka kwa wenye mizani, au hupita vilimani akitafuta maganda ya risasi ili awauzie watalii, mwambie leo hii kwamba asiguse, asigonge, asitie motoni kitu asichokijua. Akae mbali nacho, na polisi waarifiwe. Mtume wetu (S.A.W.) aliwaamuru waliobeba mishale kupita msikitini na sokoni waikamate kwenye ncha isije ikamjeruhi mtu. Ikiwa mshale ulio mkononi mwa mwenye akili una adabu yake, je, kombora lililooza?

Kuna na jambo la kuvaa. Baadhi ya wapenzi hao hujivika sare za majeshi ya zamani wakaigiza mapigano uwanjani, na wako wanaochagua sare za Hitler, wakasema ni sanaa tu. Ujerumani yenyewe, ambayo ndiyo iliyozishona, sheria yake inakataza kuonyesha hadharani alama za chama kile, ila kwa ajili ya kufundisha, au utafiti, au mambo kama hayo. Angalia hekima hiyo: kufundisha kumeruhusiwa, kujipamba kumekatazwa. Nchi zetu pia zina sheria zinazokataza raia kuvaa sare za jeshi, na vijana wetu wanaonunua majaketi na kofia za kijeshi katika mitumba wajue wanacheza na moto. Dini nayo imeonya mtu asimwelekezee ndugu yake chuma hata kwa mzaha. Silaha si pambo la mwili, wala si mzaha.

Lakini sehemu inayoniuma zaidi ni kicheko. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani wa Unguja. Ilidumu kadiri ya dakika 38. Watu wapatao 500 wa upande wa Unguja waliuawa au walijeruhiwa. Leo ukikutana na wapenzi wa mambo ya vita, wengi watakwambia khabari hiyo wakitabasamu, kwa kuwa kwao ni vita vifupi kuliko vyote vilivyopata kupiganwa. Picha za jumba lililobomoka huuzwa na kununuliwa kama kitu cha ajabu. Dakika 38! Mtu anaona ni kichekesho kwa kuwa anazihesabu dakika na hahesabu maiti. Ukiwaondoa watu katika vita, kinachobakia ni hesabu, na hesabu haimlizi mtu.

Hapa mtu mwingine atanijibu, naye ana haki: "Kama si hawa wakusanyaji, vitu vyote hivi vingeyeyushwa, na nishani zingegeuzwa pete za masonara. Wao ndio waliotuhifadhia." Ni kweli kwa sehemu. Na nimeambiwa wako wakusanyaji wenye murua ambao wakinunua nishani huanza kumtafuta aliyepewa, alizaliwa wapi, alipigana wapi, na jamaa zake wako wapi. Hao nawapa mkono. Lakini wengi hulitaka jina lililo ukingoni kwa sababu nishani iliyokamilika jina na nambari hupanda bei mnadani. Jina la mtu limekuwa kama chapa ya kiwanda. Nami nauliza: ikiwa mgeni wa mbali anaona faida katika jina la babu yetu, sisi wenye damu yake tumelala usingizi gani?

Tusiwarushie wengine mawe yote. Tarehe 12 Februari 1944 meli iliyoitwa Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Ceylon na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki ndani yake, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Nimeuliza katika darasa langu la watu wazima, hapa hapa pwani, ni nani anayeijua meli hiyo. Hakuinuka mkono hata mmoja. Meli imetoka mlangoni petu, na sisi hatuna khabari nayo. Mkusanyaji wa Ulaya amekosa kwa kukipenda chuma kuliko mtu. Sisi tumekosa zaidi, kwani hatukukitunza chuma wala hatukumkumbuka mtu.

Sasa nitakuonyesha ukarabati ninaousifu, usije ukasema Maalim hajui ila kulaumu. Nimekwambia kuwa mizinga ya Königsberg iliopolewa. Mmoja katika hiyo ulipelekwa Kigoma, ukafungwa juu ya meli ya Wajerumani iliyoitwa Graf von Goetzen katika ziwa Tanganyika. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli mpaka ziwani ikaungwa tena. Mwaka 1916 Wajerumani waliposhindwa waliizamisha wenyewe, wakaipaka mitambo yake mafuta mazito isiharibike. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina jipya: Liemba.

Ndiyo, Liemba ile ile! Meli iliyobeba mzinga ikabeba dagaa, na magunia ya mahindi, na mabibi harusi, na wanafunzi, na wagonjwa wanaokwenda hospitali, muda wa miongo na miongo. Na mwaka 2015, Warundi walipokimbia machafuko ya nchi yao wakarundikana katika kijiji cha Kagunga, Liemba ndiyo iliyokwenda kuwachukua kuwapeleka Kigoma. Chombo kilichotumiwa kutisha watu kikawa kinawaokoa waliotishwa. Huo, ndugu msomaji, ndio ukarabati. Waliokiopoa walirudisha chuma kwa watu.

Na haya si mageni katika mafundisho yetu. Mtume (S.A.W.) alipofariki dunia, deraya yake ya vita ilikuwa imewekwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa pishi thelathini za shayiri, kwa ajili ya chakula cha watu wa nyumbani mwake. Lifikiri jambo hilo. Kiongozi wa umma, mwenye kuogopwa na wafalme, hakuitundika deraya yake ukutani watu waje waishangae. Aliiweka rehani ili nyumba ipate kula. Chuma kilijua daraja yake, na tumbo la mtoto lilikuwa juu yake. Kwa hivyo yule kijana wangu aliyetaka kuuza nishani kwa kodi ya nyumba hakuwa mtu mwovu. Kosa lilikuwa la kutaka kuuza na hali hajasoma.

Basi tufanyeje? Nasema mambo manne, na kila nyumba inayaweza.

Kwanza, fungua sanduku. Ikiwa nyumbani kwenu mna nishani, kitabu cha kuachishwa jeshi, picha, mkanda, kopo la bati au kofia ya mzee aliyekwenda vitani, kitoe ukisome. Nishani za vita vya 1914 mpaka 1918 mara nyingi zina jina ukingoni. Zile nyota walizopewa waliokwenda Burma katika vita vya 1939 mpaka 1945 hazikuandikwa majina, na kwa hivyo zikipotea zimepotea na mwenyewe. Andika wewe jina katika karatasi, uliweke pamoja nazo. Wala usizisugue kwa majivu na ndimu ili zing'are, kwani utayafuta maandishi.

Pili, waulize wazee wangali hai. Waliopigana Burma wamekwisha karibu wote, lakini wajane na watoto wao wapo, na wanakumbuka. Mwenye simu amrekodi bibi yake. Vijana wetu wanajua kuzipiga picha sahani za biryani, basi na waipige picha sauti ya bibi kabla haijanyamaza.

Tatu, ukilazimika kuuza, uza, lakini baada ya kuandika na kupiga picha. Muulize mnunuzi inakwenda wapi, na umwambie khabari za mwenyewe, ili huko iendako isiwe chuma kisichokuwa na mtu. Na ikiwa njaa haikukushika, toa wakfu katika jumba la makumbusho la nchi yako, kwa sharti jina la mzee liandikwe kwa Kiswahili, na kazi aliyoifanya.

Nne, nawaambia wenye majumba ya makumbusho na wenye kutembeza wageni katika viwanja vya vita vya Taveta na Salaita: pale penye mzinga pasiandikwe uzito wa mzinga tu. Paandikwe na wachukuzi wangapi waliuburuta, na wangapi hawakurudi. Mgeni akitaka kushangaa, ashangae na hilo.

Na yule kijana? Aliiuza. Siwezi kukuficha. Mwenye nyumba hakutaka dua, alitaka kodi. Lakini kabla hajaiuza tulikaa pamoja barazani, tukaandika nambari, cheo na jina katika daftari la madrasa, na baba yake akaja akatuongezea alivyosikia kwa wazee wake: kwamba mzee alirudi na kovu begani, kwamba hakupenda kusimulia, na kwamba hakuila tena nyama ya kopo mpaka kufa kwake. Ukurasa wa pili wa daftari hilo nimeliandika jina la mchukuzi wangu, babu yake mama, asiyekuwa na nishani. Tangu hapo watu wamekuja na majina mengine. Mwanamke mmoja alileta kitufe cha shaba, akasema hana ila hicho, na jina. Yote tumeyaandika.

Daftari halina bei mnadani, wala hapana atakayevuka bahari kuja kulinunua. Lakini kila Ijumaa baada ya sala tunalifungua, tunayasoma majina, na tunawaombea dua. Nawe ikiwa unalo jina, usilale nalo leo.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika vita visivyokuwa vyao, wenye makaburi na wasiokuwa nayo, na atujaalie sisi tuwe watu wa kukumbuka. Amin.